Nusu Debe na Masika

Kabla sijaumia nlikuwa na afya nzuri tu, ila ilikuwa haionekani kwa nje. Jina langu Juma, lakini pale Mlandege ukimuulizia Juma utaletewa watu wengi kabla yangu. Uliza Kijiti. Jina hilo nimepewa na mtaa, na mtaa haukukosea. Kanzu nikiivaa huonekana kama imeanikwa.

Kazi yangu fundi cherehani. Asubuhi mpaka magharibi nimekaa barazani nimeinama, mguu unasukuma, macho kwenye sindano. Pembeni yangu anakaa Mbarouk, sahibu yangu, yeye anatengeneza baskeli. Skuli tuliingia pamoja na tukatoka pamoja, kabla ya wenzetu. Mwalimu alisema tumetosheka.

Basi nikaposa. Nilimposa Rukia, binti Mzee Khatibu wa Kikwajuni, na ndoa tukaipanga Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishaisha. Sasa huyo Mzee Khatibu ni mtu wa miraba minne, msimamizi wa ghala, akikohoa wachukuzi wanasimama sawasawa. Siku niliyokwenda kumpa mkono kwa mara ya kwanza, alinitazama juu mpaka chini, safari yenyewe haikuwa ndefu, kisha akamgeukia mjomba wangu akamuuliza, "Huyu ndiye mwenyewe, au katuma mdogo wake?"

Watu walicheka. Na mie nlicheka, maana nikichekwa huwa nacheka kwanza ili wasinipite. Lakini nilipofika nyumbani nlijitazama kwenye kioo cha kabati la mama, nikaona mzee hakukosea sana.

Kwa kinyozi wetu ukutani ilikuwepo picha ya mtu mmoja Mzungu, amevaa chupi ya ngozi ya chui, amenyanyua chuma juu ya kichwa, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mapaja yangu. Chini ya picha maelezo yalikuwa marefu kweli, yote ya Kizungu. Kizungu changu kilibaki skuli. Nikasema haidhuru, picha inatosha, mtu anaonekana anavyofanya.

Chuma mie sikuwa nacho. Nikatafuta mti wa mzegazega, ule wanaobebea maji mabegani, huku debe na huku debe. Nikachukua madebe mawili ya mafuta ya taa yaliyokwisha, tukenda ufukweni na Mbarouk tukayatia mchanga mkavu, kila debe nusu. Tukayafunga kwa kamba kwenye mti, nikayaweka uani kwetu. Siku ya pili tukagundua kuwa paka wa mtaa mzima wamefurahi sana kuletewa mchanga. Mama akakunja pua. Basi nikayafunika kwa magunia, nikayakaza kwa kamba, paka wakarudi walikotoka.

Nikaanza. Kila alasiri navua shati, nashika mti, nasema bismillahi, napandisha juu kwa mara moja, kama yule wa kwenye picha. Kupumzika siku hata moja sikupumzika. Kuumwa nlikuwa naumwa, lakini nlidhani ndiyo nguvu zinaingia. Baada ya muda nikaanza kupita mtaani mikono nimeitanua, kama mtu aliyebeba matikiti kwapani. Rafiki zetu wakawa wanakuja uani kuangalia, wanakaa juu ya kinu na juu ya ngazi, wananihesabia.

Halafu mwezi wa Shaaban ukaandama, na masika nayo yakaingia. Mvua ikanyesha mfululizo, hapana kwenda uani. Nikakaa ndani naona mikono inapungua, roho inaniuma. Siku moja mvua ikakatika, jua likatoka kidogo. Wale rafiki zangu wakaja. Mbarouk akasema, "Kijiti, leo tuonyeshe. Au umeshayeyuka?"

Nikavua shati. Magunia yalikuwa yamerowa, lakini siku ile hata kuku walikuwa wamerowa, sikushughulika. Nikasimama katikati ya mti, miguu nimeinyoosha wima kama mlingoti, nikainama kutoka kiunoni, nikabana pumzi, nikavuta kwa nguvu zangu zote mara moja.

Upande wa kushoto ulikuja. Upande wa kulia haukuja.

Mti ukazunguka, na mie nikazunguka nao, lakini miguu ilibaki pale pale. Nikasikia kiunoni kitu kimechanika, khasa kama unavyochana kitambaa cha marikani, mlio wenyewe nnaujua maana ndiyo kazi yangu. Madebe yakaanguka yakakaa wima, kama hayakufanya kitu. Mie nikabaki nimeinama, mkono mmoja chini, kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea. Wenzangu wakapiga makofi. Walidhani ndiyo mchezo wenyewe.

Nikasema, "Niiteni mama." Hapo makofi yakakatika.

Walinichukua ndani nikiwa vile vile nimekunjika, wakanilaza ubavu. Jamani, msinione nacheka sasa. Maumivu yale siyataki hata kwa paka waliokuwa wakija kwenye mchanga wangu. Nikikohoa, naona nyota. Nikipiga chafya, natoa shahada kabisa. Kugeuka sigeuki. Na tangu kiunoni mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia ilipita njia ya moto, na juu ya moto ganzi, kama siafu wanahamia. Chooni nlikuwa nachukuliwa na Mbarouk. Ananishika makwapa, nachuchumaa nusu, nalia, na yeye anatazama dari anasema kila mara, "Mie sioni kitu, Kijiti, mie sioni kitu." Kisha nikafunga choo kwa hofu ya kwenda chooni. Hilo nisilieleze zaidi.

Mama alinikanda kwa mafuta ya nazi ya moto na karafuu. Nikanukia kama ghala la Mzee Khatibu, lakini mgongo haukufunguka. Akamleta mganga kutoka shamba. Mganga akatizama, akanusa, akauliza madebe yale mchanga wake umetoka wapi. Akaambiwa ufukweni. Akauliza mlipouchukua mlimuomba nani? Akaambiwa hakuna. Basi, akasema, mchanga ule una wenyewe, nao wamekasirika, sharti urudishwe ulikotoka na ufuatane na ubani, na yeye apewe jogoo mweupe. Jogoo akapewa.

Kurudisha mchanga akatumwa Mbarouk. Akauweka ule ule mzegazega begani, akatoka mlangoni, nami kitandani nikamsikia amegonga ukuta. Akatoka tena, akagonga ukuta wa pili. Alikwenda kwa ubavu kama kaa, mpaka akachoka akayatua akafungua magunia. Akarudi mbio hata mchanga hajaupeleka, amekaa chini anacheka mpaka machozi, na mie namwomba asinichekeshe kwa maana kucheka kulikuwa kunauma.

Debe moja lilikuwa limekaa chini ya upenu, mchanga wake mkavu kama tulivyoutia. La pili lilikuwa limekaa chini ya mlizamu wa bati, pale maji ya paa yanapomwagikia. Mvua zote zile za masika zilikuwa zinaingia mle kupitia kwenye gunia, na debe limejaa maji mpaka mdomoni. Mie nlinyanyua mchanga upande mmoja, na upande wa pili mchanga na kisima.

Nikamwambia mama. Nlidhani atafurahi kuwa si mashetani. Akauliza, "Na maji nani aliyatia mle?"

"Mvua, mama."

"Na mvua hiyo debe la pili ililikwepa, ikaingia hilo moja tu?"

Jogoo nshamtoa, na mgongo ulikuwa hauniruhusu kubishana.

Ganzi ilipozidi, hata kidole gumba nikikibinya sikisikii, wakanichukua spitali juu ya gari la kusukuma. Kila shimo la njia ile nlilijua kwa jina. Daktari alikuwa Mhindi mmoja mpole, uso haucheki. Akaninyanyua mguu ulionyooka, nikapiga ukelele, akauteremsha. Akanigonga goti. Akauliza, "Umenyanyua nini?"

"Mchanga."

"Unajenga nyumba?"

"Najenga mwili."

Akanitazama mwili. Hakusema kitu, na hiyo ilikuwa heshima kubwa. Akauliza tena, "Uzito gani?"

"Upande mmoja nusu debe."

"Na upande wa pili?"

"Nusu debe na masika."

Nakuapieni, yule daktari alitoka nje ya chumba. Nikasikia anacheka kule ukumbini na muuguzi. Akarudi, uso umeshatengenezwa, akanieleza vizuri. Mfupa haukuvunjika. Nyama zimechanika, na mshipa mkubwa unaoteremka mguuni umebanwa. Nilale juu ya mbao, si juu ya kamba za kitanda zinazobonyea. Maumivu yakipungua nisilale tena kama maiti, niinuke nitembee, kidogo kidogo. Akanifundisha kuinuka: nilale ubavu kwanza, nikunje magoti, nisukume kwa mikono, nisimame mguu mmoja kisha wa pili. Akasema, "Mgongo wako ni dhaifu kwa sababu unakaa umeinama kutwa. Mazoezi yatakufaa. Lakini uliyokuwa ukifanya wewe si mazoezi, ni ajali ya kila siku."

Nikarudi nyumbani nikalala juu ya mlango. Kweli, Mbarouk aling'oa mlango wa chumba changu.

Sasa wakati mie nnalala juu ya mlango, mtaani maneno yalikuwa yanatembea vizuri kuliko mie. Kwetu mwanamme akiambiwa kaumia mkono, watu humpa pole. Akiambiwa kaumia mgongo, humtazama mkewe. Inaaminiwa kwamba ubwana wote wa mtu umo mgongoni. Kufika Darajani habari ilikuwa mgongo umepinda. Kufika Kikwajuni ulikuwa umekatika vipande viwili. Nami bwana harusi.

Ramadhani ilipoingia akaja Bi Nunu, somo wa Rukia, yule mwanamke anayemfunda mwari mpaka siku ya harusi. Alikaa na mama ukumbini, mlango wangu uko sakafuni kwa hiyo pale mlangoni palikuwa pazia tu, nikasikia kila kitu. Alisema Mzee Khatibu anatoa pole. Alisema mzee hamkatai mtu kwa maradhi, maradhi ni ya Mungu. Lakini mwanawe hamtoi kwenda kuwa muuguzi. Basi sikukuu, bwana harusi aje mwenyewe kuamkia, kwa miguu yake, bila ya kushikwa, akae na wanaume kama wanavyokaa, ainuke kama wanavyoinuka. Akiweza, siku ya ndoa itatajwa hapo hapo. Asipoweza, posa itarudi.

Mama akauliza, "Na Rukia mwenyewe kasemaje?"

Bi Nunu akasema, "Rukia kauliza kama ni kweli yale ya debe. Nlipomwambia ni kweli, alicheka mpaka akajifungia chumbani."

Siku ile nlilia, na sikulia kwa mguu. Nlikuwa nimempenda yule msichana kwa kumwona mara mbili tu, na sasa nlimpenda kwa kicheko ambacho hata sikukisikia.

Kesho yake nlianza. Kufunga sikuwa nafunga, nlikuwa na dawa, siku zenyewe nikazilipa baadaye. Kwanza kutembea uani, kutoka kwenye kinu mpaka kwenye ngazi na kurudi. Kisha mti mtupu. Nakwambieni, mti wa mzegazega, hauna kitu huku wala huku, nao ulinitoa jasho. Nilikuwa nakunja magoti, mgongo umenyooka, mti karibu na mwili, nanyanyua huku natoa pumzi taratibu. Mbarouk amesimama nyuma yangu, mikono tayari, kama mtu anayemfundisha mtoto kwenda. Siku nnafanya, siku napumzika.

Ulipofika wakati wa kutia uzito nikaona hapa ndipo nilipopotea mwanzo. Nusu debe ni kitu gani? Nusu ya nani? Nikamuomba mama kibaba chake, kile kikopo anachopimia mchele.

Mama akasema, "Kibaba cha mchele hakitiwi mchanga. Nshakula mchanga wako wa kutosha."

Nikamwambia, "Basi posa irudi." Akakileta mwenyewe.

Na tokea hapo yeye ndiye akawa bwana wa uzito. Alitushonesha mifuko midogo ya marikani badala ya madebe, huku mmoja na huku mmoja, akawa anapima kibaba, anakifuta juu kwa kiganja kama wauzaji wa mchele wanavyofanya, bila ya chembe ya ziada. Kibaba huku, kibaba huku. Baada ya juma zima, kama sikuumwa, anaongeza kimoja kila upande. Kama niliumwa, anapunguza, na hapana rufaa. Mifuko ikilala, inalala ndani, imetundikwa msumarini. Siku moja nlijitia ujanja nikajiongezea mchanga kwa mkono. Akaunyanyua ule mfuko kwa vidole viwili tu, akanipiga mwiko wa bega, akaumwaga. Mama yangu hakwenda skuli hata hayo madarasa yangu, lakini mkono wake ni mizani.

Siafu mguuni wakaanza kuhama. Kidole gumba kikarudi, nlikibinya nikasikia maumivu, nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu. Mguu ulibaki na ganzi kidogo nikikaa sana. Hilo nlilificha.

Sikukuu ikafika. Baada ya sala nikavaa kanzu mpya, nliyoishona mwenyewe nimelala ubavu nusu ya kazi, tukashika njia ya Kikwajuni na Mbarouk. Watu wote wamo barabarani na watoto wao, na kila ninayempita anatazama kiunoni kwangu kabla ya kunitazama usoni. Nikafika bila ya kushikwa.

Sebuleni wanaume wamejaa, wamekaa chini juu ya busati. Wengine sijapata kuwaona, walikuja kwa ajili ya mgongo wangu tu, hilo lilikuwa dhahiri. Mzee Khatibu amekaa mwisho, ameegemea ukuta karibu na mlango wa ndani penye pazia.

Nikasema, "Shikamoo."

Akasema, "Marahaba. Karibu ukae."

Nikakaa salama. Tukala tambi, tukala kaimati, tukanywa kahawa, vikombe vikarudi mara nyingi. Mazungumzo hayaishi. Na mie nnasikia mguu wa kulia unaniaga. Kwanza vidole, kisha kisigino, kisha goti. Siafu wote waliohama wamekuja kuamkia sikukuu. Hapo mzee akanambia, "Haya mwanangu, wengine bado wanakungojea huko." Yaani, inuka tuone.

Nlijua nikiinuka kwa mori kama wanaume wanavyoinuka, nitaanguka juu ya birika la kahawa. Nlijua nikilala ubavu kama daktari alivyonifundisha, nitaonekana kama mja mzito wa miezi tisa. Nikachagua ujauzito. Nikalala ubavu juu ya busati, na kanzu yangu mpya. Nikakunja magoti. Nikasukuma mikono. Nikakaa kwa mikono na magoti kama mbuzi, nikaweka mguu mmoja, nikatulia ganzi ipungue, nikaweka wa pili. Nikasimama wima, peke yangu. Ilichukua muda wa mtu kumaliza kikombe.

Nyuma ya pazia mwanamke akacheka, akaziba mdomo. Wanaume wote wakamtazama Mzee Khatibu.

Mzee akawaambia wale wageni, "Ahsanteni kwa kuja. Nendeni mkaamkie na kwengine." Wakatoka mmoja mmoja. Mbarouk akanitazama kama mtu anayetazama jeneza, naye akatoka. Nikabaki mie na mkwe ambaye nlijua si mkwe tena.

Mzee akasikiliza mpaka viatu vya mwisho vimetoka barazani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, sikujua kama anayo, "Hebu rudia."

"Nirudie nini, mzee?"

"Huko kuinuka. Umeanza na mkono gani?"

Nikamwonyesha mkono.

Akasema, "Mie, baba, nnainuka kwa kuvuta pazia. Hili la tatu." Akalishika pazia, nikaona juu lilivyochanika kwenye pete zake. "Miaka sasa. Wageni wakiwepo siinuki mpaka waondoke. Ghalani nasimama kutwa, watu wanadhani ni ukali."

Basi nikalala tena chini, na mzee naye akalala, mtu wa miraba minne, siku ya sikukuu, tuko ubavu tumekabiliana kama samaki sinia moja. Namwambia, magoti kwanza, mzee, usivute kiuno, toa pumzi. Akasukuma, akaguna, akakaa kwa mikono na magoti, akasimama. Pazia hakuligusa. Alisimama pale anapepesa macho, nami nikatazama pembeni, maana mtu mzima akiwa vile hatazamwi, nikamsimulia habari ya mifuko na kibaba cha mama.

Akaita kule ndani, sauti yake ya ghalani imerudi, "Waambie tumetaja siku. Ijumaa ya pili." Kisha akainama kidogo kwangu: "Na kesho uje na hicho kibaba."

Tukafunga ndoa msikitini. Sheikh alipomaliza dua, watu wote wakawa wanangoja mkwe na bwana harusi wainuke kwanza. Tukatazamana. Tukalala ubavu pamoja.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama na mwiko wake, na yule daktari, na Mbarouk aliyesema haoni kitu. Mpaka leo mzee anakuja uani kwetu, tunanyanyua, mama anapima. Mie bado Kijiti, ila kijiti kilichonyooka. Nanyi mnaotaka kujenga mwili nyumbani, jengeni, ni kitu kizuri. Anza na mti mtupu hata ukichekwa. Pima unachonyanyua, na pande zote mbili ziwe sawa, uziangalie kila siku kabla ya kushika. Ongeza kama mtu anayepima mchele wa kununua kwa pesa zake. Mtu awe nyuma yako. Ukiumwa, acha, usimuulize aliyekuja kutazama. Na kama mgongo umeshakushika, na hivi sasa umekaa chini unasoma haya na huthubutu kuinuka mbele za watu, lala ubavu kwanza, kunja magoti, kisha mikono. Watakaocheka wacha wacheke. Mmoja wao nlimuoa.